Mstari wa Siwema

Jumanne, tarehe 4 Machi 2081, wakubwa wa serikali walifuta majina ya marehemu kwenye mitambo yote, na jiko langu likagoma kuwaka. Siku hizi kila nyumba hujiandikia programu zake, na zetu aliziandika mke wangu Siwema, Mungu amrehemu, akatia na jina lake ndani. Skrini ikasema: "Mstari wa tisa: Siwema hajulikani."

Jirani yangu Mwatumu akachungulia. "Shemeji, jina hulitambulishi juu ya programu, utalitumiaje chini? Litambulishe. Au lifute, ule."

"Silifuti ng'o!"

Mimi huyu wa darasa la nne nikaandika juu kabisa: Siwema ni mke wangu. Jiko likawaka. Kila asubuhi wanaufuta mstari ule, nami nauandika upya. Barua yangu kwao haijajibiwa: jiko linamtambua, ninyi mmemkataa kwa lipi?