Baharia wa Ukutani

Mbandika matangazo alishachovya brashi kwenye gundi mama mmoja alipojibanza ukutani, akamfunika kwa mgongo baharia wa tangazo la tumbaku.

"Mama, sogea. Hilo la zamani."

"Huyu mwanangu."

"Mwenye ndevu za babu?"

"Ndevu na kiko kachorewa, tumbaku iuzike. Mchoraji alimketisha bandarini siku moja. Meli yake haikurudi, na picha nyingine sina."

"Basi mbandue."

Mama akaingiza kucha pembeni mwa tangazo, taratibu. Karatasi ikachanika mpaka shavuni. Akaacha. Sikio la kushoto lilikuwa bado zima, limejikunja juu kama alivyozaliwa nalo.

"Mama, nina kuta kumi na mbili zinanisubiri."

Mama akasogea, akalaza shavu lake juu ya sikio lile, mikono kaitandaza ukutani.

"Haya, baba. Bandika juu yetu."