Bosi wa Mkahawa

Sarmila alikuwa anakanda unga wa mikate ya naan afisa wa uhamiaji alipoingia kwenye mkahawa wake mjini Fukuoka.

Viza yake ilikuwa ya mwekezaji. Ilimruhusu kuuendesha mkahawa, si kushinda jikoni akipika. Ombi lake la kuiongezea muda lilikuwa mikononi mwa huyu bwana, na leo mpishi alikuwa ameamka akiumwa jino.

Kunawa kusingesaidia. Unga ulikuwa umemfika viwikoni, na donge moja limeganda kwenye pete ya ndoa.

"Karibu, bwana. Kaa."

Afisa aliitazama mikono ile. "Bosi wa hapa ni nani, mama?"

Kabla hajajibu, muuza kuku akaingia na boksi lake. Sarmila aliinama akanusa.

"Rudisha."

"Dada, wamechinjwa asubuhi hii."

"Asubuhi ya juzi, labda. Niletee wengine kabla ya saa sita, na ukinichezea tena natafuta muuzaji mwingine. Usinitolee macho. Beba."

Muuza kuku akabeba, akaomba radhi mara mbili, akatoka.

Sarmila akageuka. Afisa alikuwa anaandika.

"Na mpishi?"

"Yuko kwa daktari wa meno."

"Mpe pole." Akafunga kalamu yake. "Bosi nimeshamwona."

Alisimama, akainusa harufu ya mchuzi jikoni. "Ningekula hapa leo, lakini afadhali nije kesho, mpishi akiwepo."

Sarmila akamfungulia mlango kwa kiwiko.