Usukani Mtupu

Jumatatu, Baba alipokuja na pikipiki yake, nilichokiona kwanza ni kidole gumba chake, kikipapasa raba ya usukani kutafuta breki. Tangu pikipiki zenye waya au kitufe kinachoonekana zikatazwe kubeba abiria, gereji yetu hupitisha nyaya ndani ya bomba la usukani na kuficha vitufe vya breki na honi chini ya raba. Nyaya za pikipiki ya Baba nilizifunga mimi.

Alibonyeza breki, pikipiki ikapiga honi na kwenda moja kwa moja hadi kwenye banda la maandazi. Akavunjika mkono.

Leo shangazi Mwanaidi alimletea uji. “Kaka, umezeeka. Vidole vimesahau kazi!”

Baba alicheka kidogo. “Kweli, dada. Kesho narudisha leseni.”

Mimi nilikuwa nimeinama, nafua shati lake. Zamani kila waya ulikuwa na rangi yake. Hizi za sasa zote ni nyeusi, zina maandishi madogo, na gereji nzima inaamini kwamba nayasoma.

“Baba, si uzee,” nikasema. “Breki na honi nilizichanganya mimi. Kusoma sijui, huwa nabahatisha. Na nimeshafunga pikipiki kumi na tisa.”