Mshale wa Kulia

Mama Dorothée, bosi wa bohari, alifungua mlango wa ofisi yake ghafla, na vidole vya Tajudini vikaruka juu ya kibodi kama vya mtu aliyeshika sufuria ya moto. Windows, Shift, mshale wa kulia. Rosalba wa tamthilia akatoweka pale pale machozi yakimtiririka, na nyuma yake likabaki jedwali la mifuko ya mchele, safi, la halali kabisa.

"Malori imetoka?"

"Imetoka, mama. Ile ya Gitega tu ndiyo iko inapakia."

Mama akaguna, akarudi ndani, akaacha mlango nusu wazi. Huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Mlango ukiwa nusu wazi, nani athubutu kumrudisha Rosalba? Tajudini akaendelea kuandika mchele huku akisikiliza tamthilia kwa sikio moja, waya wa kisikilizio umejificha chini ya kofia. Kila siku ilikuwa hivyo: mwanzo aliuona, mwisho akausikia tu.

Msimcheke. Bohari lile la Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, lina joto la kuoka mkate, na mchele hauna hadithi.

Ila alikuwa anacheza na moto, na alijua. Kabla yake kiti kile kilikuwa cha Trésor, aliyekutwa akiangalia mpira, akafukuzwa hata kabla ya mapumziko. "Shetani anawaingia kwa macho!" mama alifoka siku ile, maana ni mlokole wa kufunga na kukesha. Na Tajudini ndiyo kwanza alikuwa amemwoa Assia. Baba mkwe bado alikuwa anamzunguka na kumkagua kama gari la mtumba. Kazi hii ikipotea, mzee angemrudisha binti yake nyumbani kwake Buyenzi kabla ya magharibi, na Tajudini bila Assia, jamani, asingekuwa mtu.

Aliyemwokoa ni Eddy, fundi aliyekuja kufunga kompyuta mpya. Kwanza alimfundisha vitufe vya Alt na Tab, kuruka kutoka dirisha moja la kompyuta hadi jingine. Kwa haraka, Tajudini alijikuta ameangukia dirisha lisilo lake. Kisha Eddy akamfundisha Windows na D, inayofagia kila kitu. Mama akakuta ekrani ya kompyuta tupu, akamuuliza kama analipwa kuangalia picha ya maua. Ndipo Eddy akampa ile ya tatu, ya mshale: filamu inaondoka peke yake, kazi inabaki.

"Na filamu inaenda wapi?"

"Mbali," Eddy alijibu, akacheka mpaka akakaa chini. Tajudini hakuona cha kuchekesha.

Lakini mama akazidi. Zamani alitoka mara moja moja. Siku hizi Rosalba akianza tu, huyo mlangoni. Siku Rosalba alipomzika mwanawe, mama alitoka jioni macho mekundu, akapita bila hata salamu. Tajudini akamhurumia kweli. Akadhani ni vumbi, au labda wateja wamemchokoza.

Mwishowe hofu ikamshinda. Akamwapia Assia: wallahi, tamthilia basi, kuanzia kesho ni mchele na mimi.

Kesho yake akafika akiwa mtakatifu. Mama akatoka, akakuta mchele, akarudi ndani. Haukupita muda, huyo tena, safari hii akamwinamia begani huku akinukia karanga.

"Uko unafanya kazi tu?"

"Kazi tu, mama."

"Hakuna kitu kingine?"

"Apana, mama! Hata kimoja."

Mama akasonya, akaubamiza mlango. Tajudini akabaki ameduwaa. Anamtaka nini huyu mwanamke? Mtu akiiba muda, anafukuzwa; akiacha kuiba, anasonywa! Mama alipotoka tena, hata malori hakuyaulizia.

"Tajudini. Njoo ndani."

Basi yamekwisha. Ofisi ile hakuna aliyewahi kuingia ila Eddy na nyundo zake, na Trésor siku ya kufukuzwa. Tajudini alivua kofia, akaingia akisoma moyoni kila dua aliyofundishwa utotoni, hata ile ya safari.

Kiti cha mama kilikuwa kimeipa meza mgongo. Pembeni palikuwa na sahani ya karanga na leso iliyolowa. Ukutani kulikuwa na ekrani kubwa, tupu, waya wake umetoboa ukuta kuelekea kwenye kompyuta ya Tajudini.

"Funga mulango," mama alisema kwa sauti ndogo, akichungulia nje kwanza. "Mi natoka, mi narudi. Natoka, narudi, hapa ukutani hakuna kitu. Na weye unaandika muchele tu! Jana tumemuacha Rosalba mbele ya padri, na daktari anaingia na bunduki. Sasa mi nitalala namna gani?"