Ng'ombe wa Kwenye Simu

Mzee Baltazar aliivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka kiwele cha ng'ombe mwekundu kikajaa kioo kizima cha simu, na bado roho yake ilikataa.

"Chuchu nne," alisema. "Hapo sawa. Lakini hizi kompyuta siku hizi si zinajua hata chuchu?"

Prosper, mpiga picha wa Mwisenge pale Musoma, alijikaza asicheke. Studio yake ilikuwa imepoa kama chai ya jana. Mlango wa pili, jirani alikuwa ameweka bango la akili mnemba, watu wanapanga foleni kukaa kwenye stuli ya plastiki ili watoke na picha wako Paris, wamevaa makoti ya manyoya. Prosper naye akamjibu kwa chaki ukutani: PICHA ZA KWELI HAPA. FEKI TUNAZIPIMA.

Dorkas, binti wa mzee, ndiye aliyemwelekeza baba yake hapo. Alikuwa anafanya kazi hapohapo mjini na kuna mtu alikuwa anamtaka. Mara ya kwanza mzee aliwatimua washenga kabla hata hawajamtaja jina aliyewatuma. Aliposikia tu "kijana wa mjini" akasimama. Kijana wa mjini ana ng'ombe gani, zaidi ya wale wa kupimwa kilo buchani?

Safari hii Dorkas akamtumia picha: kundi safi, limeshiba, na katikati kijana mrefu anatabasamu, mkono juu ya nundu ya dume. Chini aliandika, "Baba, ng'ombe wa anayenitaka ndio hao. Ukiwakataa na hawa, usiniambie tena habari za kuolewa."

Ukoo wote pale Mwitongo, Butiama, uliizunguka simu. Shida ilikuwa moja. Mwaka jana Pastory, mdogo wake Baltazar, alitumiwa picha ya ng'ombe thelathini. Siku ya mahari wakaja mbuzi wawili na kwaya. Mpaka leo akipita barabarani watu wanamsalimia, "Pastory, ng'ombe wana chaji?"

"Nikiwakubali hawa wakawa wa kompyuta, nahama Butiama," mzee alisema. "Nikiwakataa wakawa wa kweli, nimempoteza binti yangu. Nipimie, kijana wangu."

"Nipime ng'ombe tu, au na mtu?"

"Mtu wa nini? Mtu ni mtu. Ng'ombe!"

"Haya. Lakini mimi sina mashine, mzee wangu. Picha ya kweli ina mahali pake, unapanda pikipiki unaifuata. Ya kompyuta utaifuata wapi?" Prosper akagusa kioo. "Hicho kilima cha nyuma ni cha Balili, pale Bunda. Twende."

Wakaenda kwa pikipiki ya Prosper. Pale Makutano walisimama kunywa soda, na Prosper akamwigizia jinsi wateja wa jirani wanavyojikunyata kwenye stuli kwa baridi ya Paris huku jasho la Mwisenge linawatiririka. Mzee alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

"Wewe kijana," alisema akijifuta kwa mkono wa shati, "ungekuwaga na hata ndama mmoja, tungeongea."

Sasa ikawa zamu ya Prosper kupaliwa.

Bomani Balili, ng'ombe ndio kwanza walikuwa wametoka kunywa maji, na mwenye mji alikuwa hajarudi kutoka shambani. Prosper alichomoa mti wa tatu wa lango, na lango likafunguka. Mzee hakungoja kukaribishwa. Alijitosa katikati ya kundi, simu juu, kama mtu anayetafuta mtandao.

"Huyu hapa, pembe imeangalia chini! Huyu, baka la shingoni! Na wewe mama, kiwele chako nimekishika tangu asubuhi!"

Dume likaja taratibu, likampita mzee, likaanza kumlamba Prosper shingoni.

"Hiyo ni chumvi ya jasho," mzee alimwelimisha. "Nyie wa mjini hamjui ng'ombe. Tulia tu, hali watu."

Halafu akampigia Pastory, kwa sauti ambayo hata bila simu ingefika Butiama.

"Wapo! Pastory, wapo wote! Wananuka! Nimekanyaga mavi, bado ya moto!"

Alilia kidogo, akacheka, akalikumbatia dume lenyewe. Prosper akachomoa kamera. "Simama hapohapo, mzee, mkono juu ya nundu. Hii nayo uwe nayo."

Mama mwenye mji akatokea nyuma ya zizi na jembe begani. Aliitwa Matrida. Mzee alimkimbilia kama wamekua wote.

"Shikamoo, ee, yaani habari, mama! Ng'ombe hawa ni wa hapa?"

"Wa hapa, wote. Karibu."

"Basi nimekubali! Nimekubali bila kikao! Niitie huyu kijana nimkumbatie, maana ng'ombe nimeshawamaliza." Akamkabidhi simu.

Matrida aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza kidogo.

"Huyu? Huyu simjui. Na mbona ana vidole sita?"

Mzee akanyang'anya simu. Akavuta picha. Kwa mara ya kwanza tangu atumiwe, akautazama ule mkono. Akahesabu. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili.

"Sasa, mama," akauliza, "hawa ng'ombe mwenyewe ni nani?"

"Mwenyewe si mwanangu, huyo aliyekubeba kwenye pikipiki?" Matrida akachungulia nyuma yao kuelekea langoni. "Kwani Dorkas mmemwacha wapi?"