Kijistari Kimoja

Wino wa sahihi ya refa ulikuwa haujakauka karani wa meza alipogundua kwamba kijistari kimoja hakipo.

Miaka ishirini na sita alikuwa akiandika takwimu za timu ya kikapu ya wasichana wa chuo. Kila mpira uliodakwa chini ya ringi ulipata kijistari chake, na hakuwahi kumshangilia mtu. Karani hana timu. Lakini leo msichana mrefu waliyemwita Ngongoti, akicheza mchezo wake wa mwisho chuoni, aliruka sekunde za mwisho akaudaka mpira wa kuvunja rekodi ya chuo, mipira mia sita na kumi na moja. Karani akajikuta kasimama, kalamu kaitupa huko, anapiga makofi kama mwendawazimu.

"Refa, nimesahau kuandika mmoja!"

Refa alikuwa keshabeba begi. "Mama, karatasi ikishatiwa sahihi haiongezwi hata nukta. Si wewe uliyenifundisha?"

Ngongoti akaja mbio, jasho likimchuruzika, simu mkononi. "Shangazi, nisomee jumla kwa sauti, mama yangu anasikiliza. Mia sita na kumi na mbili, siyo?"

Viganja vya karani vilikuwa bado vinawaka moto kwa yale makofi.