Spika za Loyce

Loyce alipoingia bafuni, Bonifasi alizinyakua zile spika za masikioni juu ya meza, akachomoa wembe mfukoni na kukwaruza alama ndogo chini ya kila moja. Alizirudisha mahali pake, akakaa kwenye kochi na kujifanya anatazama taarifa ya habari.

Wivu ulikuwa umemkaa kooni tangu Pasaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa mkewe spika hizo, ndogo, nyeupe, zisizo na waya, kutoka dukani kwake hapo njia panda ya Mkiwa. Na kama kuna mtu aliyezijua spika hizo, ni Bonifasi. Zile za mwanzo zilikuwa chuma kweli: dereva mmoja wa lori aliziangusha kwenye ndoo ya maji, akazianika, zikaendelea kuimba. Hizi za siku hizi, jina lilelile, boksi lilelile, ni takataka tupu. Wiki haiishi upande mmoja umekata, kifuniko cha kikasha cha kuchajia kimeng'oka, na mteja amesimama dukani anafoka. Bonifasi alikwishazoea kuwajibu kwamba wamezilalia.

Sasa mbona za Loyce hazifi?

Asubuhi akikoroga uji, zimo masikioni. Akichambua maharage, zimo. Ukimsemesha haitiki mpaka umguse bega. Na chaji je? Bonifasi hakuwahi kukiona kikasha kile kimechomekwa ukutani hata siku moja. Basi kuna mahali zinakochajiwa. Kuna mtu anayembadilishia kila zinapokufa, na Bonifasi hakuhitaji kwenda mbali kumtafuta: Peniel, fundi simu wa jirani na duka lake, yule kijana mwenye meno mazuri.

"Hizo spika unazipeleka wapi?" alimuuliza siku moja, baada ya kumgusa bega.

"Nizipeleke wapi tena? Si ulinipa wewe?" Loyce alijibu, akarudi kwenye maharage yake.

Kilichomkera zaidi ni tabasamu. Jioni Bonifasi alikuwa akipokea simu zake palepale kwenye kochi, miguu juu ya stuli, bila haja ya kutoka nje kama zamani. Mtu masikio yameziba, utamsumbua nini? Basi katikati ya maongezi humwona mkewe pale mkekani anatabasamu peke yake, saa nyingine anatikisa kichwa. Mara moja alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Siku hiyo Bonifasi alikata simu bila kuaga. Ni mwanamume gani huyo, anayemchekesha mke wa mtu ndani ya nyumba ya mtu?

Siku kadhaa baada ya kuzitia alama, alizikagua. Alama za wembe zilikuwepo, zote mbili. Mtu mwenye akili zake angetulia hapo. Bonifasi aliona kumbe mambo ni mazito kuliko alivyodhani: Peniel hambadilishii, anamtengenezea kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Akaamua kuitisha kikao. Msimamizi wa ndoa yao alikuwa Antipasi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Akisema Loyce arudi kwao Mgori, atarudi, na hata wazazi wake hawatabisha. Bonifasi alimwomba aje peke yake.

"Ni mambo ya wanaume, kaka."

"Ndoa yenu tuliisimamia wawili," Antipasi alisema. "Nitakuja na mke wangu Redempta."

Wakaja Jumapili baada ya ibada. Loyce, spika masikioni, alimpigia Antipasi goti na kumwamkia shikamoo. Redempta alivutiwa kiti tu. Bonifasi aliliona hilo, akasema moyoni kwamba kiburi hicho lazima kimefundishwa na Peniel. Redempta alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akaomba wasikawie kwa sababu ana homa.

Bonifasi alimwaga yote: chaji, vicheko, meno ya Peniel. Alimpenda mkewe, na wivu ulikuwa umemla.

"Mtu anaongea na mke wangu mbele ya macho yangu, kaka! Mchukulie hizo spika usikie mwenyewe."

Loyce alizitoa bila ubishi, akaziweka mezani. Antipasi alivaa moja, akainamisha kichwa. Akavaa na ya pili.

"Sisikii kitu."

Bonifasi alimpokonya. Akazivaa mwenyewe, akabonyeza kila palipobonyezeka, akazipuliza, akazigonga kwenye kiganja kama anavyofanya dukani mbele ya wateja wanaofoka. Kimya.

"Zilikufa wiki ileile uliyonipa," Loyce alisema. "Si unazijua bidhaa zako?"

"Sasa mama, unazivaa za nini?" Antipasi aliuliza.

"Jioni zilipokata nilitaka kumwambia, baba. Nikamkuta kwenye simu. Akaniona ninazo masikioni, akaendelea kuongea, tena kwa sauti tamu ambayo mimi sijawahi kuongeleshwa nayo. Nikaona niziache hapohapo."

Loyce alimgeukia Redempta.

"Mumeo nimwambie mimi, dada, au utamwambia mwenyewe?"